Taka za Hospitali: Kwa Nini Moto Peke Yake Hautoshi

Nyuma ya karibu kila hospitali pana mahali ambapo mgeni hapelekwi. Mbele pana bustani, mapokezi, dirisha la dawa na mstari wa wagonjwa wanaosubiri kumwona daktari. Nyuma pana shimo, lundo la majivu, na pengine tanuri la matofali lenye bomba refu la moshi. Huko ndiko kunakoishia kila kitu ambacho hospitali haikihitaji tena: bomba la sindano lililotumika mara moja, pamba yenye damu, mpira wa dripu, chupa tupu, karatasi, maganda ya ndizi aliyoletewa mgonjwa na jamaa zake. Mtu anayeijua hospitali kwa upande wa mbele tu ameijua nusu.

Makala haya yanahusu nusu hiyo ya pili. Hoja yake ni moja. Watu wengi hudhani kwamba tatizo la taka za hospitali hutatuliwa penye tanuri, na kwamba hospitali ikipata tanuri kubwa zaidi mambo yatakuwa yamekwisha. Sayansi inaonyesha vingine. Tatizo hilo hutatuliwa, au hushindikana kutatuliwa, kando ya kitanda cha mgonjwa, katika nukta ile ambayo muuguzi ameshika kitu kilichokwisha kazi na anaamua akitupe katika chombo kipi. Sababu za jambo hili zinaweza kuelezwa kwa kemia, fizikia na hesabu zinazofundishwa katika shule za sekondari.

HOSPITALI ILIYOWADHURU WAGONJWA WAKE

Mwaka 1854, wakati wa Vita vya Krimea, jeshi la Uingereza liliwapeleka majeruhi na wagonjwa wake katika kambi kubwa iliyogeuzwa hospitali huko Scutari, ng'ambo ya mji wa Istanbul, nchini Uturuki. Jengo hilo lilikuwa imara na la kuvutia kwa nje. Lakini chini yake ilipita mifereji ya maji machafu iliyoziba, na uchafu na mizoga ilikuwa imeachwa karibu na mahali walipolala wagonjwa. Askari waliofika na majeraha walikufa kwa kuhara, kipindupindu na homa ambazo hawakuja nazo. Katika mwezi wa Februari 1855 walikuwa wakifa wagonjwa zaidi ya 40 kwa kila 100.

Machi 1855 ilifika tume ya usafi kutoka Uingereza. Mifereji ilizibuliwa na kusafishwa, uchafu uliondolewa, na madirisha yalifunguliwa ili hewa ipite. Katika miezi michache vifo vilipungua mno. Florence Nightingale, aliyekuwa kiongozi wa wauguzi wa hapo, alirejea kwao akazipanga takwimu hizo katika michoro mwaka 1858, ili kuwaonyesha wakubwa wa serikali kwamba adui mkubwa wa askari hakuwa risasi.

Funzo la Scutari halijachakaa. Uchafu wa hospitali hauishi kwa kutolewa nje ya mlango wa wodi. Usipokomeshwa, utarudi kwa njia nyingine: kwa maji, kwa hewa, kwa chakula, au kwa sindano iliyomchoma mfagiaji.

TAKA ZA HOSPITALI NI ZIPI?

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba katika kila kilo 100 za taka zitokazo katika huduma za afya, kilo 85 hivi ni taka za kawaida, zisizotofautiana na taka za nyumbani, ofisini au shuleni. Hizi ni karatasi, maboksi, chupa za maji, mabaki ya chakula na majani yaliyofagiliwa uani. Kilo 15 zilizobaki ndizo taka za hatari. Zinaweza kugawanywa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni taka ambukizi, yaani vitu vilivyoguswa na damu, usaha au majimaji mengine ya mwili, ambavyo huenda vimebeba bakteria au virusi. Kundi la pili ni vitu vyenye ncha au makali, kama sindano, nyembe za upasuaji na vioo vilivyovunjika. Kundi la tatu ni sehemu za mwili, hasa kondo la nyuma litokalo baada ya mama kujifungua. Kundi la nne ni kemikali, dawa zilizopitwa na wakati, metali zenye sumu na vitu vyenye mnururisho.

Katika makundi hayo, sindano ni ndogo kwa uzito lakini ni kubwa kwa madhara. Mtu akichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B, na yeye mwenyewe hana kinga, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufikia asilimia 30. Kwa homa ya ini aina ya C uwezekano huo hukadiriwa kuwa kiasi cha asilimia 2, na kwa virusi vya UKIMWI asilimia 0.3. Anayechomwa mara nyingi si daktari aliyetoa sindano. Ni mfagiaji anayebeba mfuko wa taka mgongoni, au mtoto anayechakura jalalani akitafuta cha kuuza.

HESABU YA KUCHANGANYA

Chukulia mfano wa hospitali inayotoa kilo 200 za taka kwa siku. Kwa uwiano uliotajwa, kilo 170 ni za kawaida na kilo 30 ni za hatari. Hospitali hii ikitenga taka zake, ina kilo 30 tu za kushughulikia kwa uangalifu mkubwa. Kwa mwaka ni kilo 10,950.

Sasa chukulia kwamba hospitali hiyo hiyo ina ndoo moja tu katika kila wodi, na kila kitu hutupwa humo. Pamba yenye damu imegusana na karatasi, karatasi imegusana na chupa, na sindano imo mahali fulani katikati, hakuna ajuaye wapi. Hakuna mtu mwenye akili atakayeingiza mkono kuzichambua. Kwa hiyo kilo zote 200 zimekuwa za hatari. Kwa mwaka ni kilo 73,000. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyeongezeka, wala hakuna sindano hata moja iliyozidi, lakini mzigo wa hatari umekuwa mara sita na zaidi ya ule wa awali.

Hesabu haiishii hapo. Chukulia kwamba hospitali ina tanuri dogo linaloweza kuchoma vizuri kilo 15 kwa saa. Kilo 30 zitachomwa kwa saa 2. Kilo 200 zitahitaji zaidi ya saa 13. Mchomaji hawezi kukaa penye moto saa 13 kila siku, na kuni au mafuta hayatoshi. Atafanya ambalo binadamu yeyote angelifanya: atalijaza tanuri kupita kiasi, atafunga mlango na kwenda zake. Hewa haitapenya, joto litashuka, moshi mweusi utatanda. Watu watasema kwamba tanuri ni bovu. Kumbe tanuri halina kosa. Kosa lilitendeka asubuhi, wodini, penye ndoo.

MOTO HUFANYA NINI?

Kila mwanafunzi wa kemia hujifunza kanuni kwamba maada haiumbwi wala haiangamizwi katika mabadiliko ya kikemia. Atomi zilizoingia ndizo zitakazotoka, ila zimepangwa upya. Kanuni hii hukaririwa darasani, kisha husahauliwa mtu anapoona taka zikiteketea. Lundo limetoweka, basi taka zimekwisha. Kwa kweli hazikwisha. Nyingine zimepanda angani na nyingine zimebaki katika majivu.

Kinachotoka hutegemea kilichoingia. Bomba la sindano kwa kawaida hutengenezwa kwa plastiki iitwayo polipropileni, ambayo ina kaboni na hidrojeni tu. Ikiungua kwa joto kali na hewa ya kutosha, hutoa kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Ikikosa hewa, hutoa masizi na kaboni monoksaidi, gesi yenye sumu isiyo na rangi wala harufu.

Mambo ni tofauti kwa plastiki iitwayo PVC, ambayo hutumika katika mifuko mingi ya damu na baadhi ya mipira ya dripu. Kipande kimoja cha mnyororo wa molekuli yake kina atomi 2 za kaboni, 3 za hidrojeni na 1 ya klorini. Kwa uzani wa atomi, hiyo ni 24 na 3 na 35.5, jumla 62.5. Klorini peke yake ni 35.5 katika 62.5, yaani karibu asilimia 57. Kwa maneno mengine, zaidi ya nusu ya uzito wa plastiki hiyo ni klorini. Ikiunguzwa kilo 1 ya PVC halisi, na klorini yote ikaungana na hidrojeni, zitatoka karibu gramu 584 za gesi ya hidrojeni kloridi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu huwa asidi ya hidrokloriki, ambayo hula mabati ya bomba la moshi na kuwasha mapafu ya mchomaji.

Sehemu nyingine ya klorini, japo ni ndogo sana, huweza kuungana na kaboni isiyoungua vizuri na kufanya kemikali ziitwazo dioksini. Mwaka 1976 mlipuko katika kiwanda cha kemikali karibu na mji wa Seveso, nchini Italia, ulieneza dioksini juu ya makazi ya watu. Maelfu ya wanyama walikufa au walichinjwa, na watu wengi, hasa watoto, walipata vidonda vya ngozi. Mwaka 1997 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka dioksini iliyo kali kuliko zote katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Dioksini haziyeyuki katika maji kwa urahisi, bali huyeyuka katika mafuta. Hutua juu ya majani, ng'ombe huyala, kuku hudonoa udongo, na sumu hukusanyika katika maziwa, mayai na nyama. Zaidi ya asilimia 90 ya dioksini zinazoingia katika miili ya watu hupitia katika chakula. Zikiingia hazitoki upesi: huchukua miaka 7 hadi 11 kiasi chake kupungua kufikia nusu.

Je, moto mkali hauwezi kuvunja dioksini? Unaweza. Tanuri lililotengenezwa kwa ustadi lina vyumba viwili. Katika cha kwanza taka huungua kwa joto la sentigredi 850 hivi, na katika cha pili moshi wake huunguzwa tena kwa sentigredi 1,100 kwa muda usiopungua sekunde 2. Lakini moshi ukipoa polepole na kupita katika joto la kati, kiasi cha sentigredi 200 hadi 450, dioksini huweza kujijenga upya juu ya chembe za masizi. Kwa hiyo mitambo bora hupoza moshi kwa ghafla na kuuchuja. Mitambo hiyo ni ya gharama kubwa na yahitaji mafundi. Tanuri dogo la matofali halina chujio, na mara nyingi halifikii joto linalotakiwa.

METALI ISIYOUNGUA

Kuna kitu kingine ambacho moto hauwezi kukimaliza hata uwe mkali namna gani. Nacho ni zebaki. Zebaki ni elementi, na hakuna moto unaoweza kuvunja elementi. Huchemka kwa sentigredi 357, lakini hutoa mvuke hata katika joto la kawaida la chumbani. Kipimajoto cha zebaki kikivunjika na kutupwa katika ndoo iendayo kwenye tanuri, zebaki yote itapanda angani. Baadaye itashuka na mvua, itafika mitoni na ziwani, na humo bakteria wataigeuza kuwa zebaki ya methili ambayo hujikusanya katika samaki.

Kipimajoto kimoja kina gramu 1 hivi ya zebaki. Kifaa cha zamani cha kupimia shinikizo la damu, chenye safu ya zebaki ukutani au mezani, kina gramu 80 au zaidi. Kifaa kimoja cha namna hiyo, basi, ni sawa na vipimajoto 80.

Ulimwengu ulijifunza ubaya wa zebaki huko Minamata, nchini Japani, ambako mwaka 1956 ulitambuliwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliowapata wavuvi na jamaa zao kwa kula samaki wa ghuba iliyochafuliwa na kiwanda. Mkataba wa kimataifa uliopewa jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza, kuagiza na kuuza nje vipimajoto na vipima shinikizo la damu vyenye zebaki, isipokuwa katika hali chache maalumu. Hata hivyo vifaa vya zamani bado vimo katika makabati mengi. Vinapoondolewa havifai kutupwa. Huwekwa katika chombo kigumu kilichofungwa, na kuhifadhiwa mahali palipotengwa mpaka vichukuliwe na mamlaka inayohusika.

MVUKE BADALA YA MOSHI

Lengo la kushughulikia taka ambukizi si kuzifanya zisionekane. Lengo ni kuua vijidudu. Moto huviua, lakini hufanya hivyo kwa kuharibu na kila kitu kilichovibeba. Mnamo mwaka 1879 Charles Chamberland, aliyekuwa mshirika wa Louis Pasteur nchini Ufaransa, alibuni chombo kinachoua vijidudu bila kuunguza kitu. Chombo hicho ni mtungi wa mvuke, ambao wengi huuita otoklevu.

Kila mtu aliyewahi kufunua sufuria ya wali anajua kwamba mvuke huunguza mkono vibaya kuliko hewa ya moto. Sababu yake ni joto lililofichika. Maji yakipoa kwa sentigredi 1 hutoa kilojuli 4.2 kwa kila kilo. Lakini kilo 1 ya mvuke ikigeuka kuwa maji hutoa kilojuli 2,200 na zaidi, yaani zaidi ya mara 500, bila joto lake kushuka hata nukta moja. Mvuke ukigusa kitu baridi hugeuka maji hapo hapo na kukimwagia joto hilo lote. Zaidi ya hayo, unyevu wake husaidia kuharibu protini za vijidudu.

Ili joto la mvuke lipite sentigredi 100, maji huchemshwa ndani ya mtungi uliofungwa. Kanieneo ikifika kiasi cha mara mbili ya ile ya hewa, maji huchemka kwa sentigredi 121. Vyombo safi vya upasuaji vyaweza kutakaswa kwa mvuke wa joto hilo kwa dakika 15. Kwa hewa kavu kazi hiyo hiyo huhitaji sentigredi 160 kwa saa 2. Taka, kwa kuwa zimejaa mikunjo na mifuko, hupewa muda mrefu zaidi, mara nyingi dakika 30 au zaidi. Ni lazima hewa iliyomo mtungini itolewe kwanza, kwa sababu mfuko wa hewa uliobanwa kati ya taka huzuia mvuke kufika. Ili kuhakikisha kwamba kazi imefanyika, huwekwa ndani kichupa chenye mbegu za bakteria wasiodhuru lakini sugu mno kwa joto. Wakifa hao, wengine wote wamekufa.

Polipropileni huyeyuka kwa sentigredi 160 hivi, kwa hiyo bomba la sindano hutoka mtungini likiwa bado plastiki. Sindano ikiwa imekwisha kukatwa, plastiki hiyo yaweza kusagwa na kuuzwa kwa viwanda vinavyotengeneza vitu visivyohusiana na chakula. Kitu kilichokuwa tishio kimekuwa malighafi.

Mtungi wa mvuke una mipaka yake. Hauondoi kemikali, dawa wala zebaki. Kinyume chake, utaigeuza zebaki kuwa mvuke wa sumu. Hapa tena kutenga ndiko kunakoamua. Kipimajoto kimoja kikiingia katika mfuko wa pamba, mtungi mzuri umegeuka kuwa chombo cha hatari.

Kondo la nyuma nalo lina njia yake. Katika zahanati nyingi za Afrika ya Mashariki hutupwa katika shimo lililojengewa kwa saruji na kufunikwa, ambamo huoza lenyewe. Mahali pengine huingizwa, pamoja na mabaki ya chakula, katika mtambo wa gesi ya samadi. Humo bakteria wasiohitaji hewa huyavunja na kutoa methani, gesi iwakayo, ambayo yaweza kupashia maji au kupikia. Bakteria hao hawapendi dawa za kuulia vijidudu. Anayemwaga klorini katika mtambo huo ameua wafanyakazi wake.

NCHI MBALIMBALI ZIMEFANYA NINI?

Katika Marekani, hospitali nyingi zilikuwa na matanuri yake zenyewe mpaka miaka ya 1990. Uchunguzi ulipoonyesha kwamba matanuri hayo yalikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya dioksini nchini humo, serikali iliweka mwaka 1997 masharti makali juu ya moshi wake. Maelfu ya matanuri yalifungwa katika miaka iliyofuata. Hospitali hazikufungwa, zilianza kutenga taka na kutumia mvuke.

Nchi yenye mapato madogo nayo yaweza. Huko Kathmandu, nchini Nepal, Bir Hospital ilianza mnamo mwaka 2010 mpango wa kutenga taka wodi baada ya wodi. Sindano zilikatwa papo hapo, taka ambukizi zilipitishwa katika mitungi ya mvuke, na vitu vilivyotakaswa viliuzwa. Kazi ilianza kwa wodi moja ya mfano, na kwa mafunzo ya wauguzi na wafagiaji, kabla ya mashine.

Tanzania, pamoja na Ghana, Madagascar na Zambia, ilishiriki katika mradi wa Umoja wa Mataifa uliokusudia kupunguza dioksini na zebaki zitokazo katika huduma za afya barani Afrika. Kwa mradi huo hospitali kadhaa zilipata mitungi ya mvuke na vipimajoto visivyo na zebaki.

JE, TANURI LIVUNJWE?

Itakuwa si haki kuandika kana kwamba kila zahanati yaweza kununua mtungi wa mvuke kesho. Mtungi huhitaji umeme wa uhakika, maji na fundi. Zahanati iliyo kilomita 60 kutoka barabara kuu pengine haina hata kimoja. Mganga wa hapo hachagui kati ya moshi na mvuke. Huchagua kati ya tanuri dogo na sindano kutapakaa uani. Katika hali hiyo tanuri ni afadhali, na Shirika la Afya Duniani hulikubali kuwa njia ya mpito.

Lakini hata tanuri hilo hufanya kazi yake vizuri likipewa kidogo na kilicho kikavu, kisicho na PVC wala zebaki. Kwa hiyo kutenga hakusubiri mashine. Kunahitaji ndoo tatu zenye rangi tofauti, kisanduku kigumu cha sindano kinachofungwa kikijaa robo tatu, na mazoea ya kutorudishia kifuniko juu ya sindano iliyotumika. Kunahitaji pia mfagiaji apewe glavu nene, viatu vya kufunika mguu na chanjo ya homa ya ini, na aelezwe sababu za kazi yake. Msomi mwenye shahada aweza kuandika kanuni bora kabisa, lakini kanuni hiyo inaishi au inakufa mikononi mwa mtu anayebeba ndoo.

Iko hatua ya mapema kuliko zote, nayo ni kutozalisha taka zisizo za lazima. Wagonjwa wengi huamini kwamba tiba isiyo na sindano si tiba, wakamwomba mganga awachome hata pale kidonge kingetosha. Kila sindano isiyo ya lazima ni maumivu ya bure, gharama ya bure, na hatari inayotembea kuelekea jalalani. Wakati wa janga la KOVIDI-19, kati ya Machi 2020 na Novemba 2021, tani zipatazo 87,000 za vifaa vya kujikinga zilinunuliwa na kupelekwa katika nchi mbalimbali kwa mpango wa Umoja wa Mataifa pekee, na sehemu kubwa yake iliishia kuwa taka. Vingi vilihitajiwa kwa dharura. Glavu zilizovaliwa pasipo sababu hazikumkinga mtu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika hospitali, ufa ni ndoo moja iliyochanganya kila kitu, na ukuta ni tanuri kubwa linalodaiwa kila mwaka, moshi juu ya mashamba ya jirani, na sindano katika kiganja cha mfagiaji.

JARIBIO NA MASWALI KWA WANAFUNZI

Onyo: mwanafunzi asiguse wala asikusanye taka za hospitali au zahanati kwa sababu yoyote. Jaribio lifuatalo hutumia punje za mahindi na chaki.

Jaribio. Hesabu punje 100 za mahindi makavu. Chukua punje 15, zilowanishe kidogo na uzigaagaze katika unga wa chaki nyekundu. Punje 85 ziache kama zilivyo. Weka makundi hayo katika chupa mbili tofauti, tikisa kila moja kwa dakika 1, kisha chunguza punje. Sasa yamimine yote katika chupa moja, tikisa tena kwa dakika 1, uyamwage juu ya karatasi nyeupe. Hesabu punje zenye alama nyekundu. Chaki ni mfano wa vijidudu. Eleza kwa nini kuzitenga punje baada ya kutikisa hakurudishi hali ya mwanzo.

Maswali:

1. Hospitali hutoa kilo 120 za taka kwa siku, na asilimia 15 ni za hatari. Tafuta tofauti ya mzigo wa hatari kwa mwaka baina ya hospitali hiyo ikitenga na isipotenga.

2. Kwa kutumia uzani wa atomi, onyesha kwamba polipropileni (kaboni 3, hidrojeni 6) haiwezi kutoa hidrojeni kloridi ikiungua peke yake. Je, jambo hilo lina maana kwamba moshi wake ni salama daima?

3. Eleza kwa nini mtungi wa mvuke uliofika sentigredi 121 ukiwa bado na hewa nyingi ndani huenda usiue vijidudu vyote.

4. Mtu mmoja amesema, "Zebaki ikichomwa kwa joto kali huisha." Jibu hoja hiyo kwa kutumia maana ya elementi.

5. Pima kwa siku tano taka za kawaida za shule yako, kama karatasi na mabaki ya chakula, kila aina kwa uzito wake. Pendekeza ni zipi zingeweza kupunguzwa kabla hazijazalishwa, na ueleze ni nani shuleni angepaswa kubadili mazoea yake ili jambo hilo liwezekane.